Tyubu Isiyo na Dawa

Saa tisa alasiri, siku ya mwisho ya majaribio, meno ya fundi wa lifti yalikuwa meupe kuliko ya mtu mwingine yeyote aliyepimwa. Mkemia aliyasogezea kadi ya rangi, akalinganisha, akarudia.

Maabara yao ilikuwa inapima dawa za kung'arishia meno nyumbani. Nusu ya watu walipewa tyubu zenye dawa, nusu gel tupu, na tyubu zote zilifanana. Mtu mmoja alipojitoa, mkemia alimwingiza mpenzi wake, huyo fundi. Siri ya nani kapewa ipi alibaki nayo mwenzake wa meza ya pili, ambaye sasa aliifungua, akaangua kicheko.

— Shemeji alikuwa anapaka gel tupu. Labda mate yake ndiyo dawa.

Mkemia hakucheka. Jumapili wazazi wa fundi walikuwa waje kwa shangazi wa mkemia kuleta posa, na shangazi alikuwa anasubiri neno lake la mwisho. Simu yake ilishaita mara mbili. Alimvuta fundi mpaka kwenye korido, akafunga mlango, akaufungua tena kuhakikisha hakuna anayesikiliza.

— Meno umeyasafishia wapi?

Fundi alianza na "dawa yako kiboko", akahamia kusifu maji ya kwao, mwishowe akaishiwa visingizio, akakiri. Alikuwa amekwenda kwa daktari wa meno, akalipia asafishwe, na kwa siku kadhaa hata maji baridi yalikuwa yanamchoma.

— Kwa nini?

— Nilikuwa naona hayabadiliki. Nikajua utaumia. Nilitaka ushinde, Mama Vipimo.

— Mimi sishindi wala sishindwi. Kazi yangu ni kujua. Umenipa jibu la uongo, nami karibu niliandike.

— Nilifanya kwa mapenzi.

— Ndiyo maana naogopa.

Alitembea hadi dirishani, akarudi. Simu ikaita, shangazi tena. Akaizima sauti.

— Nini kingine umeniambia ili nifurahi?

Fundi alitazama viatu vyake. Alisema chakula anachompikia mkemia wakati mwingine kinazidi chumvi. Mkemia alisubiri. Hilo alilijua.

— Ile safari yako ya masomo, alisema fundi hatimaye. Miaka miwili. Nilikwambia sina neno. Ninalo. Silali. Sitaki uache kwenda, lakini naumia, na nimekuwa nachekacheka tu kama zuzu.

Mkemia alikaa kwenye ngazi. Kwa wiki nzima alikuwa amejiuliza ni mwanamume gani anayemwachia mchumba miaka miwili bila hata kununa. Alikuwa ameshahitimisha kwamba hampendi.

— Hilo ndilo la kwanza ninaloliamini leo.

— Kwa hiyo wazee waje, wasije?

Mkemia aliingia ndani, akamwambia mwenzake aondoe matokeo ya fundi kwenye majaribio, na sababu aiandike ilivyo. Kisha akatoka, akakaa kando ya fundi, akaandika ujumbe huku naye akisoma kila neno:

"Shangazi, waje Jumapili. Nitaolewa, lakini safari yangu ijadiliwe mbele ya wote, na yeye aseme mwenyewe anavyojisikia. Akianza kunifurahisha, mkatishe."

Jibu lilifika kabla hawajainuka:

"Huyo niachie mimi."