Kipimo cha Daktari Hodi

Jumanne ile hodi ilipigwa kabla daktari hajafungua mdomo. Yeye alidhani muuguzi anamtania.

Chumba kizima cha dharura kilimwita Daktari Hodi, na jina lilimkaa. Alikuwa anafanya utafiti wa watu walioumia tumbo, wa ajali, wa kuanguka, wa kipigo. Mgonjwa akiletwa tu, yeye anaisukuma mashine yake ndogo ya ultrasaundi mpaka kando ya kitanda, anapaka jeli ya baridi, anatafuta damu iliyovujia ndani. Kwenye picha damu huwa nyeusi. Ukiona mstari mweusi kati ya ini na figo, huyo anakimbizwa kupasuliwa. Sasa, ili ajue kichwa cha mashine, kile cha kupitisha tumboni, amekishika upande gani, alikuwa anakigonga pembeni kwa ukucha na kuangalia ni upande upi wa kioo unaotikisika. Kila akigonga anasema, "Hodi," na mgonjwa, hata yule anayelia, anajikuta anacheka na kujibu, "Karibu." Ulikuwa mzaha wa kuwatoa watu hofu, na mwanzoni sikuuonea ubaya.

Fundi paa wa Jumanne hiyo aliteguka kifundo cha mguu, basi. Alipimwa tumbo kwa sababu fomu ya utafiti ilitaka kila aliyeanguka kutoka juu apimwe. Daktari akagonga. Hodi ikasikika, sauti ya mwanamume, ya upole, kama ya mgeni anayevua viatu mlangoni. "Karibu bwana," fundi akajibu. Chumba kikanuka udongo uliochimbwa sasa hivi, na kwenye kioo, pale palipokuwa safi, mstari mweusi ukaingia taratibu, ukajitandaza, ukatulia.

Walimpasua. Daktari wa upasuaji alitoka amekunja uso. "Hamna damu," alisema kwa sauti ya chini. "Na sisemi tumboni tu. Nimekata ngozi, halikutoka hata tone." Fundi alikuwa ameshakufa. Wakati anaingizwa chumba cha upasuaji alikuwa anauliza kama wiki ijayo ataweza kupanda ngazi.

Usiniulize lilitoka wapi. Watu wanapenda sana kuuliza hivyo, utadhani jini likijulikana kwao litapungua ukali. Liligongewa mlango miaka mitatu mfululizo, mara ishirini kwa siku, watu wakicheka. Likachoka kusikiliza tu.

Katika wiki mbili walikufa wengine wanne. Daktari Hodi hakuwa mjinga, hilo nitamkubalia. Alijifungia ofisini na fomu zake, akaona kitu ambacho mtu mwingine asingekiona. Wale walioletwa hoi, waliovunjika mbavu, waliozimia, walikuwa wanapona. Waliokufa ni wale waliokuja kwa miguu yao, wenye akili zao timamu. Na wote walikuwa wameitika.

Muuguzi naye alikuwa na macho. Alimfuata kwenye korido, akamvuta pembeni karibu na mitungi ya oksijeni.

"Daktari, hiyo mashine tuitoe."

"Wamebaki wagonjwa kumi na wawili tu utafiti ukamilike."

"Watu wanakufa."

"Hapa watu wanakufa kila siku, dada. Nikilisema hili kamati inafunga utafiti, miaka yangu mitatu yote imekwenda na maji. Tutawaambia wagonjwa wasiongee. Tuseme wakiongea picha inatikisika."

"Na ndugu zao wakiitika?"

"Ndugu wanasubiri nje. Na wewe chunga mdomo wako."

Lakini bado alitaka uhakika, maana watafiti ndivyo walivyo, hawalali mpaka wapate uhakika. Ijumaa akaletwa mwizi wa simu aliyepigwa na watu barabarani, kijana asiye na mtu wa kumuulizia. Huyo hakumwambia anyamaze. Alimpaka jeli, akagonga, akaisubiri ile sauti, kalamu ikiwa mkononi. "Hodi." Yule kijana alikusanya pumzi, midomo imepasuka, akajibu kwa taabu, "Karibu." Daktari akatazama saa, akaandika. Baada ya muda kijana akamshika koti. "Daktari, kuna mtu amekaa ndani yangu," alinong'ona. "Mwambie asogee kidogo, nipumue." Unajua alimjibu nini? Alimuuliza, "Amekaa upande gani?" Na alipoonyeshwa, akaandika na hilo pia.

Daktari huyu alikuwa mama wa binti mmoja wa miaka saba, ambaye ndiye roho yake. Mtoto alilelewa na bibi yake, mama mzazi wa daktari, mwanamke aliyeamini kwamba kuliko kulea mtoto asiyesalimia watu, ni bora mtu afuge mbuzi. Nyumbani daktari hakusema neno kuhusu mambo ya kazini. Mama yake akimuuliza mbona amekonda, anajibu ni uchovu.

Alhamisi, saa nane mchana, muuguzi alimwita kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia. Mtoto alikuwa ameanguka na baiskeli, usukani ukamchoma tumboni. Bibi mtu amemleta mgongoni. Mapigo yanakwenda mbio, tumbo limekaza. Mashine kubwa ya idara ya picha ilikuwa mbovu tangu juzi. Kumpasua bila kujua kitu kungeweza kumuua, kumwacha kama anavuja ndani kungemuua vilevile. Ilibaki ile ile moja kando ya kitanda.

"Sikiliza mwanangu," daktari alimnong'oneza mtoto. "Ukisikia mtu anapiga hodi, usiitike."

"Hata akiwa mtu mzima?"

"Hata akiwa nani."

Hakugonga. Alipaka jeli, akakiweka kichwa cha mashine ubavuni mwa mtoto, na kiganja cha mkono wa pili akakibana juu ya ule mdomo mdogo. Kati ya ini na figo, safi. Hodi ya kwanza ikaja palepale, ya upole, na harufu ya udongo ikapanda kutoka chini ya kitanda. Mtoto alikodoa macho lakini hakutoa sauti. Daktari akahamia upande wa wengu, safi, akateremka chini ya kitovu, safi, na hodi ya pili ikapigwa kwa karibu zaidi, kana kwamba mwenye kuipiga ameshaegemeza paji la uso kwenye ngozi ya mtoto kwa upande wa ndani. Ilibaki sehemu moja tu, chini ya kifua, na daktari, huku jasho linamwingia machoni na moyo unamwambia toa mkono, inatosha, alikisogeza kichwa kile mpaka hapo kwa sababu fomu ilikuwa na sehemu nne na miaka mitatu hakuwahi kuacha hata moja wazi, akaona kwamba napo ni safi, kwamba mtoto wake ana michubuko tu na hana kingine, na akiwa anavuta pumzi ya kushukuru ndipo hodi ya tatu ilipopigwa.

"Karibu, pita ndani," alijibu bibi nyuma ya pazia.

Muuguzi alikuwa amemwonea huruma kumwacha amesimama nje, akampa kiti pale nyuma ya pazia. Bibi alifunua pazia, uso umejaa lawama. "Jamani, mtu mzima anapiga hodi mara tatu mmekaa kimya? Mwanangu, ndivyo nilivyokulea?"

Mkubwa wa nyumba alikuwa ameshakaribisha. Kwenye kioo weusi uliingia bila haraka, ukakunja miguu, ukakaa. Daktari alipandisha shati lake, akajibandika kichwa cha mashine tumboni mwake mwenyewe, akakigonga kwa ukucha mpaka ukucha ukavunjika, "Karibu kwangu, karibu kwangu mimi," na picha yake ikabaki safi.

"Kwani nimefanya nini?" bibi aliuliza. "Mbona hukuniambia kitu?"

Mtoto alishusha pumzi sasa kwa kuwa mdomo wake ulikuwa huru. Aligeuza kichwa amtafute mama yake, midomo imeanza kuwa myeupe.

"Mama," alisema, "umeona? Mimi sijaitika."