Jiwe Lenye Kona ya Mviringo

— Mama, toa ufunguo wako. Kwaruza hapo. Usiionee huruma, kwaruza kama unamkwaruza mke mwenzio!

Watu waliojaa dukani wakaangua kicheko. Yule mama akakwaruza kweli. Kasuku, muuzaji wa kaunta za jikoni, akachukua msasa, akasugua huku akipiga mluzi, akapangusa. Mkwaruzo haupo.

— Hii ndiyo solidi, ndugu zangu! Unga wa mawe na gundi, vikamiminwa vikawa kitu kimoja. Kiungo hukioni, na kidonda kinapona. Sasa itazameni graniti ya bei chee ya jirani yetu.

Akainua kipande cha jiwe jeusi, akakimwagia mafuta yaliyokorogwa na binzari, akapiga porojo kidogo, kisha akapangusa. Doa la manjano likabaki limekodoa macho.

— Jiwe linakunywa kuliko shemeji yangu!

Mwenye duka alikuwa akirekodi kwa simu. Kufika jioni, mji mzima ulikuwa umeiona video.

Jina la Kasuku alilipata kwa mdomo wake. Huyu angeweza kumuuzia samaki mwavuli, na samaki akarudi kuulizia koti la mvua. Lakini miezi hiyo domo lilikuwa limegonga ukuta. Ng'ambo ya barabara palikuwa na karakana ya Mzee Mawe, na graniti yake iliuzwa nusu ya bei ya solidi. Mwenye duka akasema wazi: mwezi huu usipouza, tafuta pengine.

Na balaa lenyewe, Kasuku alikuwa anampenda binti wa Mzee Mawe. Msichana huyo alikata na kung'arisha mawe kwa mikono yake, na Kasuku akambandika jina la Kokoto. Mzee alikuwa na jibu moja tu:

— Maneno unayo, kijana. Binti yangu haolewi na mtu asiye na kazi.

Siku ya pili baada ya video, simu ikaita.

— Kokoto wangu!

— Mambo ya Kokoto yaache. Lile jiwe nililompa mama yako la kukandia unga liko wapi?

— Si liko kwa mama? Jana tu nimemwona analikandia.

— Una hakika?

— Jamani, mimi na wewe tudanganyane kwa ajili ya jiwe?

— Niko jikoni kwa mama yako. Anakandia kwenye sinia.

Kasuku akaligeukia lile jiwe lenye doa, bado liko juu ya kaunta ya duka.

— Kona yake moja niliiviringisha mwenyewe, mama asijigonge kiuno akigeuka. Nimeiona kona yangu kwenye video. Na jiwe lile nililipaka dawa ya kuziba vitundu, lilikuwa halinywi hata maji. Ulilifanya nini?

— Nililisugua msasa... Nikalipaka kiondoa rangi, dawa yako ikatoka.

— Kwa nini?

— Nibaki na kazi, nikuoe.

Kwa mbali akamsikia mama yake akiacha kukanda.

— Yaani umemuuza baba yangu upate nauli ya kuja kunichumbia?

Simu ikakatwa.

Kasuku akavuka barabara mbio, nusura agongwe na baiskeli. Mzee Mawe alikuwa amekaa juu ya gogo, msumeno wa kukatia mawe umezimwa. Mzee huyu ukimpa mkono ulirudishiwa vidole vimelala usingizi, lakini siku hiyo mikono yake ilikuwa imekaa mapajani tu.

— Baba, nimekosa.

— Wateja wananiuliza kama mawe yangu yatanuka mafuta. Miaka yote hii nakata mawe, leo nimekuwa mwizi.

— Nitawaambia ukweli wote.

— Waambie. Ila usiniite baba.

Kusema kweli, alisema. Alisimama barabarani, simu mkononi, jiwe kifuani, akaeleza alivyolichubua ili lionekane bovu. Video ya kwanza ilitazamwa na mji mzima. Hii ya pili aliitazama mama yake, mara mbili, na mwenye duka, mara moja tu, iliyotosha kumfukuza kazi.

Akamwandikia Kokoto ujumbe: "Nimesema kweli mbele ya watu. Nirudie. Wewe unajua, hakuna mkwaruzo usiofutika."

Jibu lilichelewa hata chai yake ikapoa.

"Huo ni wimbo wa kuuzia. Kila ukisugua, kaunta inapungua unene. Nimekusamehe, tena kwa moyo mmoja. Lakini palipobaki ni pembamba, sitapaegemea tena."

Siku zikaenda. Kasuku akawa fundi wa kufunga kaunta majumbani kwa watu, solidi au graniti, yoyote uliyonunua. Mdomo ukapungua. Akamfungia mama yake kaunta nzuri nyeupe isiyo na kiungo. Mama akashukuru, kisha akaliweka lile jiwe lenye doa juu yake, akaendelea kukanda.

Asubuhi moja akamkuta mama amevaa gauni jipya na viatu vya kumbana.

— Mama, safari ya wapi?

— Harusini. Kokoto anaolewa na yule fundi wa vigae, yule mkimya.

— Hukuniambia.

— Nimealikwa mimi, mwanangu.

— Basi ukimwona, mwambie...

— Nimwambie nini?

Kasuku, yule wa kumuuzia samaki mwavuli, akatafuta neno. Akalikosa.

Mama alipotoka, akachukua msasa, akaanza kulisugua lile doa. Akasugua mpaka jasho likadondokea jiweni. Doa lilikuwa limezama, halikuwa na habari naye. Hakusikia mlango. Mama alikuwa amerudi kuchukua mkoba aliousahau.

— Acha kusugua, baba. Utalimaliza jiwe, na doa halitatoka.

— Nataka liwe kama alivyokupa.

— Nitalikandia hivyohivyo lilivyo.

Akamtoa msasa mkononi taratibu. Akaligeuza jiwe, ile kona ya mviringo ikaelekea pale anaposimama yeye akikanda, akachukua mkoba wake, akaenda harusini.