Gauthier Anaziamsha

Ni kichaa gani anayetafuta dawa ya kikohozi mji ukichinjana? Ni kaka aliyebakiwa na mdogo mmoja tu duniani. Magharibi ile Floribert, pamoja na mdogo wake Chancelle, alipitia ofisi ya shirika alikofanya kazi, achukue chupa ya dawa, kisha wakimbilie uwanja wa ndege. Wakubwa wa shirika walikwisha kupanda ndege, wakaiacha Bunia na vita vyake.

Chupa hawakuifikia. Wanamgambo walivunja lango, wawili hao wakiwa ndani.

Akamvuta Chancelle chini ya meza. Mapanga yakakwaruza ukuta wa korido, na harufu ya pombe kali na damu ikapenya chini ya mlango. Chancelle akaanza kukohoa. Floribert akamziba mdomo kwa kiganja.

Kitasa kikazunguka...

Ndipo, ng'ambo ya korido, kompyuta ikaamka.

Mlio mfupi. Feni ikavuma. Kisha nyingine. Na nyingine.

Nywele zikamsimama. Kompyuta za pale hazikuzimwa, zililazwa tu, zikinywa umeme wa betri za jua. Kila asubuhi fundi wao, Gauthier, aliketi kwenye mashine yake chumba cha nyuma, akatuma amri kupitia nyaya, na zote zikaamka bila kuguswa. Amri hiyo hakumfundisha mtu. Na Gauthier alikatwakatwa juzi, juu ya kiti kile kile. Floribert mwenyewe ndiye aliyemfukia nyuma ya jiko, harakaharaka, bila sala wala shuka.

Wanamgambo wakaufuata mwanga wa skrini hadi chumba cha nyuma.

Wa kwanza kupiga kelele alimwita mama yake. Kisha likasikika panga likiingia nyamani, likitoka, likiingia. Floribert akakaza kiganja. Chancelle akampiga mateke, naye akazidi kukaza, mpaka kelele za kule zikakoma.

Akaondoa mkono. Chancelle hakukohoa tena.

Alimtikisa. Alimpulizia hewa mdomoni. Mtoto aliyemlea tangu mama yao auawe kule Fataki, leo amemuua kwa mkono wake. Uchungu ukamtoa woga, akakimbilia chumba cha nyuma akiteleza kwenye damu. Wale watu walikuwa vipande vipande, na mapanga yao wenyewe yamewakaa mwilini. Kwenye kiti cha Gauthier kulikuwa na udongo mbichi.

Floribert akapiga magoti mbele ya kiti.

"Gauthier, ndugu yangu. Weye unaamushaka zote. Muamushe na huyu."

Kibonye kimoja cha mashine ya Gauthier kikabonyea chenyewe.

Tap.

Koridoni, miguu mitupu ikaanza kuja, ikichapa juu ya damu. Furaha ikamjaa Floribert hadi akalia. Kabla hajageuka, mkono mdogo ukamziba mdomo na pua kutoka nyuma. Ulikuwa wa baridi, na ulikuwa na nguvu kumshinda.

"Lala kidogo, Yaya," Chancelle akamnong'oneza kaka yake. "Gauthier atakuamusha."