Mnunuzi wa Tatu

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, mwanamume aliyevaa buti mpya aliielekeza bastola kifuani mwa muuza duka.

"Ishushe, bwana," alisema Marisela Quihuis.

"Haina risasi, si umenionyesha mwenyewe?"

"Ndiyo. Ishushe hivyo hivyo."

Aliishusha. Shingo yake ilikuwa nyekundu. Nje, Tucson ilikuwa imeshafika nyuzi thelathini na tisa. Ndani ya duka la Ostrander kiyoyozi kilinguruma kama ng'ombe mgonjwa.

"Huyo ndiye," sauti ilisema sikioni mwa Marisela. Ilikuwa ya Pruitt, mkuu wa operesheni. Alikuwa amekaa ndani ya gari lenye vioo vyeusi, ng'ambo ya barabara, akitazama kupitia kamera ya dukani. "Mtu wa hapa hashiki silaha hivyo."

Muuza duka hajibu sauti zilizomo kichwani mwake.

Alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ile kwa wiki tatu. Kabla ya hapo alikuwa mpelelezi kwa miaka kumi na moja. Kazi ya sasa ilianzia kwenye lenzi: darubini za kuonea gizani zilizotengenezwa Tucson zilikuwa zinatoroshwa nje ya nchi, zikifichwa ndani ya pampu za maji. Mhandisi mmoja, Harlan Begaye, aliona nambari za lenzi hizo na akazinakili. Leo saa nane mchana angetoa ushahidi mbele ya jaji. Asipotoa leo, kesi ingefutwa.

Begaye hakutaka kusema. Marisela ndiye aliyekaa jikoni kwake jioni nne mfululizo hadi akakubali.

Usiku wa kuamkia leo walinasa simu. Maneno yalikuwa machache. *Kanunue kisu cha keki kwa Ostrander kabla ya saa sita. Keki inakatwa saa nane.*

Keki ilikuwa Begaye. Kisu kingekuwa bastola ndogo, ya kufichika. Mnunuzi angekuwa na leseni ya Arizona na rekodi safi, mtu aliyepandikizwa nchini miaka mingi iliyopita. Sura yake hawakuijua.

Kumkamata dukani kusingesaidia. Kununua bastola si kosa Arizona. Kuiharibu bastola kabla ya kumuuzia, wakili wa serikali alikataa: wakikosea mtu, mwananchi anatoka na chuma kisichofanya kazi. Kwa hiyo ilibaki kumtambua na kumfuata. Timu ya kufuata ilikuwa moja tu, watu wawili na gari moja. Wengine wote walikuwa wanamlinda Begaye.

Akichagua vibaya, Begaye anakufa. Hesabu ilikuwa hiyo.

Mwenye buti aliitwa Dale Huffaker. Leseni yake ilikuwa na miezi minane.

"Nilikuwa nauza matrekta Minnesota," alisema. "Sasa nimestaafu. Mke wangu anasema huku kuna nyoka."

"Nyoka fagio linamtosha," alisema mzee Ostrander bila kuinua macho. Alikuwa na miaka sabini na mbili na kidole kimoja pungufu. "Bastola utajipiga mguu, nyoka akucheke."

"Mzee, unauza au unafukuza wateja?"

"Nauza. Lakini nataka urudi ukiwa na miguu miwili."

Huffaker alichukua Smith & Wesson Shield Plus kwa sababu ilikuwa ya kwanza kupangwa. Akanunua ala mbili za kuvalia bastola, mkanda mnene, miwani na vizibo vya masikio. Mzee alimsogezea kiti cha mbao kilichokuwa mbele ya kioo kirefu. Huffaker akavaa bastola tupu kiunoni, akakaa, akaruka.

"Inanichoma ubavu!"

"Isogeze nyuma kidogo. Kaa tena."

Alikaa mara sita. Akainama kama anayefunga kamba za viatu, akageuka kama anayevuta mkanda wa gari. Shati lilikuwa linapanda na kitako cha bastola kuchungulia. Aliondoka saa nne na dakika hamsini akiwa amelowa jasho.

"Tumfuate?" Pruitt aliuliza.

Marisela aligusa sikio mara moja. Maana yake: subiri.

Mteja wa pili aliingia saa tano kasoro tano. Aliitwa Loretta Sisneros, dalali wa nyumba, miaka hamsini hivi, gauni jepesi la maua.

"Dada, nafungulia watu nisiowajua nyumba tupu kutwa nzima," alisema. "Juzi mmoja ameniuliza kama chumba cha chini kinasikika nje. Nipe kitu."

"Utakivaa wapi?"

"Hapo ndipo penye kazi. Gauni hili halifichi hata kitovu."

Walijaribu nne. Glock 43X ilikuwa nyembamba, lakini kitako kilikuwa kirefu na kilijichora kwenye kitambaa. Hellcat ilimkaa mkononi, ila alishindwa kuivuta nyuma sehemu ya juu bila kukunja uso. Akaivuta tena, akatukana kwa Kihispania, ikakubali. Kila aliyokabidhiwa aliifungua na kuchungulia chemba, pale risasi inapokaa, ingawa Marisela alikuwa amechungulia mbele yake sekunde moja kabla. Ndiyo adabu ya hapa. Hata mke na mume hawaaminiani katika hilo.

Alikaa kitini akavuka mguu. Akakaa bila kuvuka.

"Nikikaa hivi naonekana nina mimba ya chuma."

"Ya miezi mingapi?" mzee aliuliza.

"Nyamaza, babu. Wewe ndiye utakayetajwa kuwa baba."

Alichagua Hellcat na ala ya kuvaa tumboni chini ya gauni. Akalalamika juu ya jasho kwa dakika kumi. Akaondoka.

Wa tatu aliingia saa tano na dakika ishirini.

Leseni ilisema Curtis Rademacher, miaka arobaini na mmoja, mkazi wa Marana kwa miaka tisa. Kofia iliyopauka, mkanda uliochakaa, mikono ya fundi. Alimsalimu mzee kwanza, kisha Marisela.

"Nabeba Glock 19 kila siku, bibie. Miaka tisa. Kiuno kimechoka. Nataka ndogo."

"Unafanya kazi gani?"

"Naendesha pikapu. Vipuri vya viyoyozi. Saa nane kwa siku nimekaa kwenye usukani."

"Hebu tuone."

Hakukosea kitu. Alipokea kila bastola mtutu ukiwa chini, akaifungua, akachungulia, akaingiza kidole kidogo kuhakikisha. Kidole cha shahada kilibaki nje ya kifyatulio. Aliomba ruhusa kabla ya kuifyatua ikiwa tupu. Mzee aliitikia kwa kichwa, na hilo mzee hulifanya kwa nadra.

"Huyu ni wa hapa hapa," alisema Pruitt. "Kamera zinaonyesha Huffaker ameshaingia barabara ya Speedway. Ninaachia timu."

Marisela aligusa sikio mara moja.

"Huna muda, Quihuis. Nimeiachia."

Alisikia injini ikiwaka ng'ambo ya barabara.

Rademacher alichukua SIG P365. Nusu kilo, unene wa sentimita mbili na nusu, risasi kumi na moja chemba ikiwa nayo moja. Aliinyanyua hadi jicho mara tano. Kila mara ilifika mahali pale pale.

"Hii."

Mzee alisogeza kiti kwa mguu. "Ivae kwanza. Kaa kidogo."

"Nimelala vizuri, mzee. Sijachoka."

"Si kwa ajili ya kupumzika."

"Najua. Iko sawa."

"Ala ipi?" Marisela aliuliza.

"Ninayo nyumbani. Ile ya Glock."

"Itaikaa?"

"Itaikaa."

Alinunua sanduku moja la risasi za kujilinda. Marisela alituma jina lake likaguliwe; serikali ilijibu baada ya dakika nne kwamba hana kosa. Akatia sahihi, akaaga kwa kugusa kofia, akatoka. Saa tano na dakika arobaini na tatu.

Marisela alivua aproni.

"Ni huyo," alisema kwa sauti, sasa duka likiwa tupu. "Pruitt, ni wa tatu. Irudishe timu."

"Kwa kosa gani?"

"Hakukaa kitini."

Alisogea dirishani kuangalia pikapu inaelekea wapi.

"Rudia," alisema Pruitt.

"Anasema anakaa garini saa nane kwa siku na kiuno kimechoka. Anayebeba kila siku hachagui bastola kwa jicho, anachagua kwa ubavu. Anakaa, anainama, analalamika. Huyu hata kioo hakukitazama."

"Huo si ushahidi."

"Ala ya Glock 19 ni plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa Glock 19. SIG ndani yake inacheza kama mguu wa mtoto kwenye buti la baba. Aliyebeba miaka tisa analijua hilo. Amejifunza bastola, hajawahi kuishi nayo. Na hii haendi kuivaa."

"Nina mtu aliyemwelekezea muuza duka bastola kifuani. Wewe una kiti."

"Mgeuze Begaye, asifike mahakamani."

"Jaji anamsubiri saa nane, na leo ndiyo siku ya mwisho. Simgeuzi shahidi kwa sababu ya kiti."

Mzee Ostrander alikuwa amesikia upande mmoja wa mazungumzo. Alifungua droo akampa Glock 43X ambayo Marisela aliivaa kazini kwa wiki tatu. Marisela aliifungua na kuchungulia, akaifunga, akaivaa chini ya shati.

"Mimi nilidhani ana haraka tu," alisema mzee.

"Anayo."

"Basi nenda. Na ufunge mlango, baridi inatoka."

Gari la Marisela lilikuwa Corolla nyeupe, vumbi jingi. Tucson nzima ina gari hilo. Alimwona Rademacher kwenye taa ya tatu, akaacha magari manne katikati.

Saa sita na nusu Rademacher alisimama kwenye kibanda cha burito, mikate myembamba inayofungiwa nyama. Alinunua moja ya nyama choma, akapewa mfuko wa karatasi. Alikula nusu ndani ya pikapu, polepole, kama mtu mwenye miadi. Injini ilikuwa inanguruma kwa ajili ya kiyoyozi. Alikaa hivyo kwa saa nzima.

Marisela alimtazama. Alijaribu kuona kama anaogopa. Hakukuta kitu. Rademacher alikunywa maji.

Saa saba na dakika thelathini na nane pikapu iliondoka kuelekea katikati ya mji. Saa saba na dakika arobaini na tisa iliegeshwa mtaa mmoja kutoka mahakamani. Rademacher alishuka na mfuko wa burito mkononi.

"Pruitt."

"Nakusikia."

"Ana mfuko wa chakula. Alikula nusu, lakini mfuko ni mzito kuliko alipoununua. Unaning'inia wima, haupepei."

Marisela alishuka garini.

"Huffaker anakula pai na mkewe," alisema Pruitt. "Timu iko dakika kumi na moja kutoka ulipo."

"Begaye?"

"Dakika moja. Wameshaingia mtaani. Hakuna pa kugeukia."

"Basi wasifungue mlango."

"Nawaambia. Quihuis, usi—"

Alichomoa kile kidude sikioni.

Rademacher alisimama kando ya mti wa paloverde, mahali ambapo mtu yeyote angesimama kwa sababu ya kivuli. Mkono wa kulia uliingia ndani ya mfuko wa burito. Gari jeusi lililombeba Begaye lilikata kona. Nyuma ya Rademacher, kwenye mstari ambao risasi ya Marisela ingepita, mama alikuwa anasukuma kigari cha mtoto, na mawakili wawili walikuwa wanabishana kuhusu chakula cha mchana.

Hakuweza kufyatua. Alitembea.

Hatua kumi. Sita. Bastola yake ilikuwa mkononi, imebanwa kifuani.

"Curtis. Toa mkono mtupu."

Aligeuka. Uso wake haukuonyesha mshangao wala chuki. Mfuko ulipanda.

Bastola inayojipakia yenyewe inahitaji nafasi. Ikifyatuliwa, sehemu ya juu lazima irudi nyuma, iteme ganda na kubeba risasi nyingine. Ndani ya mfuko uliojaa karatasi ya alumini na nusu ya burito, haipati nafasi hiyo. Ya kwanza itatoka. Ya pili ni bahati.

Marisela aliiwahi ya kwanza. Aliusukuma mfuko kwa kiganja cha kushoto, chini na nje.

Mlio ulikuwa mmoja. Kioo cha pembeni cha gari lililoegeshwa kilipasuka. Rademacher alifyatua tena, na tena. Kilichosikika ni karatasi.

Marisela alimpiga kwa goti, kisha kwa kiwiko. Alipoanguka kofia ilitoka, na paji la uso wake lilikuwa jeupe kama la mtu yeyote anayefanya kazi juani. Alimgeuza kifudifudi, akamfunga pingu, akaweka goti mgongoni. Lami ilikuwa ya moto kiasi cha kuunguza. Alimvuta hadi kivulini.

"Nani ameniuza?" Rademacher aliuliza. Lafudhi ya Arizona haikutetereka hata sasa.

Marisela alikaza pingu.

Mama wa kigari alikuwa ameshakimbia. Wakili mmoja alikuwa amelala chini, mkoba kichwani. Marisela alitazama kiganja chake cha kushoto. Kilikuwa kimeungua na baruti, na kidole kidogo kilikuwa kimekaa upande usio wake. Alikigusa. Hakikuuma bado.

Walinzi wa mahakama walifika saa saba na dakika hamsini na nne. Aliwakabidhi mtu, mfuko, na bastola yake mwenyewe. Walihesabu risasi zake: kumi na moja kati ya kumi na moja.

"Unahitaji daktari, afande," mmoja alisema.

"Baadaye."

Alirudi kwenye Corolla. Usukani haukushikika kwa joto. Aliweka vidole viwili chini kabisa, penye kivuli cha dashibodi, akaondoka.

Ndani ya mahakama, saa nane na dakika sita, karani alimwambia Harlan Begaye anyanyue mkono wa kulia aape.

Aliunyanyua.