Za Mwisho za Karai

Kila Jumamosi baada ya alasiri, Aqsa alimenya muhogo barazani kwao, mtaani Kuze, huku Ami Fahim, mdogo wa baba yake, akipakia ndoo na jiko kwenye tuktuk. Zamani kazi hiyo aliifanya na babu yake, mzee Sattar, ambaye hakupenda haraka. "Ukikata mnene hunywa mafuta, ukikata mwembamba huungua," alikuwa akimwambia. Sasa kisu kilikuwa kile kile, kigoda cha babu kilikuwa pale pale ukutani, na Aqsa alimenya peke yake.

Mzee Sattar alikuwa akiuza krispi za muhogo ufukweni, pale bustani ya Mama Ngina, mahali watu wanapokuja jioni kupunga upepo. Alizikaanga mbele ya wateja, akazinyunyizia pilipili na ndimu. Alikuwa na desturi moja. Alipofunga kazi, krispi za mwisho kutoka kwenye karai hakuziuza. Alizifunga kwenye karatasi akampelekea mkewe, Bi Mehrunnisa, ambaye nyumbani wote walimwita Dadi, yaani bibi.

"Kwa nini usimpe za kwanza?" Aqsa alimuuliza siku moja.

"Za kwanza hata mwizi hukaanga vizuri," babu alijibu huku akicheka. "Mafuta bado mapya. Ukitaka kujua nimewalisha watu nini, onja za mwisho."

Tangu babu afariki, Dadi alikuwa amekaa eda, hatoki nyumbani. Biashara ilishikwa na mwanawe mdogo, Ami Fahim, na Aqsa alimsaidia siku ambazo hakuna shule. Ni Aqsa pia aliyembebea Dadi ile karatasi. Hicho tu ndicho Dadi alichokiona cha kazi ya mumewe.

Jumamosi moja jioni, kabla ya wateja kufika, Ami Fahim alimimina mafuta mapya kwenye sufuria ndogo. Akakaanga konzi moja, akaifunga. "Tia mkobani. Za Dadi hizi."

"Lakini Ami, hata hatujaanza kuuza."

"Mamangu ana majonzi. Wataka nimpelekee zilizoungua?"

Kisha akavuta dumu lililokuwa chini ya meza. Ndani yake mlikuwa na mafuta ya jana, ya juzi, na ya siku nyingine kabla ya hizo. Aliyamimina kwenye karai, yakashuka mazito, meusi kama kahawa. Yalipopata moto, moshi ulimwasha Aqsa macho.

"Ongeza pilipili," Ami Fahim alimwambia.

Waliporudi nyumbani, Dadi aliifungua karatasi yake taratibu. Akatia krispi moja mdomoni, akafumba macho. "Alhamdulillahi," alisema. "Kama mkono wake."

Aqsa aliinamisha kichwa. Hakujua alikuwa amebeba chakula au uongo.

Jumatatu shuleni, rafiki yake Emmah alikuwa akisinzia darasani. Wakati wa mapumziko Aqsa alimuuliza kulikoni.

"Hatujalala. Arnold alitapika kutwa nzima ya jana na usiku pia," Emmah alisema. Arnold alikuwa mdogo wake. "Jumamosi baba alitupeleka Mama Ngina. Tulikunywa juisi ya miwa kwa Mama Mumo, tukala na krispi zenu. Mama akasema ni krispi, eti zilikuwa na uchungu. Baba akakataa katakata. Akasema, 'Si kwa mzee Sattar. Yule mzee hawezi kuuza kitu kibaya, hata akiwa kaburini.' Baba naye ana maneno! Mtu wa kaburini auze vipi?"

Emmah alicheka. Aqsa hakucheka.

"Sasa amesema ni nini?"

"Amesema ni juisi. Amewaambia na wenzake wa bandarini wasinunue tena kwa Mama Mumo."

Mama Mumo aliuzia kwenye meza ya pili kutoka kwao. Babu alipofariki, ndiye aliyemshika Aqsa mkono akasema pole, kisha akasimama naye. Siku nzima Aqsa alimfikiria. Jina la babu yake lilikuwa limegeuzwa pazia, na mwanamke asiye na kosa alikuwa akiumizwa kwa ajili ya pazia hilo.

Jumamosi walipokwenda tena, Mama Mumo alikuwa amekaa juu ya ndoo, miwa yake imesimama kama ilivyoletwa. "Leo hata nzi hawanijui," alimtania Aqsa, lakini uso wake haukuwa na utani.

Ami Fahim alikaanga krispi za Dadi kwanza, kama wiki iliyopita. Aqsa alizipokea. Lakini walipokuwa wakifunga, alichukua karatasi nyingine, akatia krispi za mwisho za karai. Hii ndiyo aliyomkabidhi Dadi nyumbani.

Dadi alitafuna mara moja tu. Akaitema krispi kwenye kiganja, akaitazama.

"Fahim! Njoo hapa."

Ami Fahim akaja akifuta mikono. Aliiona karatasi, kisha akamwona Aqsa, akaelewa.

"Mafuta haya ni ya lini?" Dadi aliuliza.

"Mama, mafuta yamepanda bei. Siku hizi kila mtu hufanya hivi. Wateja hata hawajui, pilipili inafunika."

"Kaa. Kula."

"Nimeshiba, Mama."

"Haya, nisikulazimishe." Dadi akaisukuma karatasi upande wa pili. "Aqsa, kula wewe, mjukuu wangu."

Aqsa alinyoosha mkono. Kabla hajagusa, Ami Fahim aliifunika karatasi kwa kiganja chake. "Usile!" alisema kwa nguvu.

"Huyu umemwonea huruma," Dadi alisema polepole. "Wale wengine hawana ami?"

Kwa sauti ndogo, Aqsa alieleza habari za Arnold na za Mama Mumo. Alipomaliza, Dadi alikuwa akilia. Hakulia kwa sauti, alijifuta tu kwa ncha ya shela lake.

Kesho yake Ami Fahim hakulichukua dumu. Alitia mafuta mapya kwenye karai, kidogo kuliko kawaida. Jioni baba yake Emmah, Bwana Benard, alipita na wanawe, na Ami Fahim akatoka nyuma ya meza kumfuata.

"Shikamoo, Mzee Benard. Juisi ya Mama Mumo haina neno. Mimi nilikuwa nikikaangia mafuta mabovu. Sijui kilichomdhuru mtoto wako, lakini najua nilichokuuzia. Naomba uwaambie na wenzako."

"Nilimwapia mke wangu kwa jina la babako," Bwana Benard alisema. Hakununua krispi. Alikwenda meza ya Mama Mumo, akavua kofia, akasema naye, kisha akaagiza juisi kwa ajili ya wote, hata Arnold.

Mafuta yalipoanza kubadilika rangi, foleni ilikuwa bado ndefu. Ami Fahim akazima jiko.

"Wewe! Karai lina mafuta na muhogo upo, wafunga nini?" kijana mmoja alilalamika.

"Mafuta yamechoka, ndugu yangu."

"Kwani yalikimbia?"

Watu wakacheka, wakatawanyika. Ndoo ya muhogo ilirudi nyumbani ikiwa nusu.

Dadi alipokea karatasi ya krispi za mwisho, akala moja, kisha ya pili. "Si kama mkono wake," alisema. "Chumvi imezidi. Ni mkono wako, Fahim, na nitazimaliza hizi zote." Akamkaribisha Aqsa ale naye.

"Mtu anayenunua chakula kwako, Aqsa," alisema, "huona kilicho juu ya meza tu. Kilicho chini ya meza anakuachia wewe. Hiyo ni amana. Babu yako hakuwa tajiri, lakini ukiinua kitambaa cha meza yake ulikuta sakafu tu."

Wakala mpaka karatasi ikabaki tupu. Kisha Aqsa akaenda kuosha karai, akalisugua mpaka akauona uso wake ndani yake.