Tela la Seremala na Gari la Umeme

Seremala alijenga chumba kidogo chenye magurudumu kwa miezi minane. Lilikuwa tela la kulala, lenye vitanda, kabati na dirisha. Mkewe, muuguzi, alikuwa na gari la umeme la kulivuta. Wote wawili walijivuna, na haki yao.

Bibi, mama yake seremala, hakuwahi kuliona ziwa. Walimwahidi kumpeleka. Safari ilikuwa kilomita 190, na kioo cha gari kinachoonyesha chaji kilisema betri itafika kilomita 360. Muuguzi akatimua mbio. Tela likayumba, na kilomita arobaini kabla ya ziwa, betri ikaisha. Wakarudishwa nyumbani na lori.

Shemeji yake muuguzi, aliyewakuta wakirudi, alicheka hadi akashika mbavu. "Gari la betri ni la kuchezea watoto!"

Muuguzi aliona aibu. Kilichomuuma zaidi ni kumwona Bibi akitoa nguo zake mkobani.

Jirani yao, Mama Gia, alikuwa ameendesha malori miaka ishirini na sita. Alikuja kulitazama tela.

"Tangi la maji liko nyuma, tena limejaa?"

"Lita 120," seremala alijibu kwa fahari.

"Hizo ni kilo 120, baba. Mnabeba maji kupeleka ziwani? Kambini mtakakolala hakuna bomba?"

Bibi aliangua kicheko.

Walilipima tela kwenye mizani ya malori. Kilo 1,180! Kitabu cha gari kiliruhusu kuvuta 1,000 tu. Wakamwaga maji, wakashusha masanduku ya zana. Zikabaki 960.

"Vitu vizito viwekeni karibu na magurudumu, mbele kidogo," alisema Mama Gia. "Vikizidi nyuma, tela huyumba. Pimeni na upepo wa matairi."

"Na kioo kilichonidanganya?" muuguzi aliuliza.

"Hakikudanganya, mwanangu. Kilikisia kwa mwendo wa siku za nyuma, ulipokuwa huna mzigo. Ukivuta tela, umbali hupungua, hata kwa nusu. Hesabu 180, si 360. Chaji katikati ya safari. Piga simu kwanza kwenye kituo cha chaji, uulize kama tela linaingia hapo. Na usizidi themanini. Ukikimbia, upepo unakushika shati."

Jumamosi waliondoka asubuhi. Malori yaliwapita, muuguzi hakubabaika. Walichaji njiani huku wakinywa chai. Tela lilifuata kwa adabu. Saa nane mchana waliliona ziwa, na betri ilikuwa na asilimia arobaini.

Muuguzi alizima gari. Akamfungulia Bibi mlango.

Wageni wa kambi wakalizunguka tela. "Gari la umeme limevuta hili? Kutoka wapi?"

Bibi alishuka, akajinyoosha, akasimama mlangoni pa tela.

"Aliyelijenga ni mwanangu," alisema kwa sauti. "Aliyelileta ni mkwe wangu. Karibuni mchungulie. Ila viatu, vueni!"