Koko Adélaïde Anajifunza Kusimama

Asubuhi, nyumbani kwa Gérard na Godelive, mtaa wa Muhungu mjini Bukavu, kila mtu alikuwa na haraka. Gérard alikuwa anafunga kravati. Alifanya kazi katika ofisi ya shirika moja la maji. Godelive alikuwa anatafuta funguo zake. Yeye alikuwa sekretari kwenye chuo kikuu. Laurette, binti yao, alikuwa amekwisha kwenda shule.

Mtu mmoja tu hakuwa na haraka. Huyo alikuwa Koko Adélaïde, mama mzazi wa Godelive na bibi yake Laurette. Alikaa ndani ya foteyi, kiti kikubwa laini, karibu na dirisha, blanketi juu ya magoti.

"Mama, chai iko hapa," Godelive alisema. "Mukate iko hapa. Usisimame. Ikala tu, upumzike."

"Miye napumzika kila siku, mutoto yangu."

"Ulitumika sana mu maisha yako. Sasa ni zamu yetu."

Na ni kweli, Koko Adélaïde alikuwa amefanya kazi nyingi. Huko Walungu, kijijini kwake, alilima maharagi na mihogo. Alibeba kitunga mgongoni, akapanda vilima, akalea watoto sita. Kisha malaria kali ikampata. Godelive akaenda kumchukua, akamleta Bukavu. Akapona malaria, lakini Godelive hakukubali mama yake arudi shambani.

Watu wa nyumba ile walimpenda Koko. Walimfulia nguo. Walimletea chakula mkononi. Alipotaka kusimama, Laurette alimshika makwapani, akamwinua. Alipotaka maji, glasi ilifika kabla hajamaliza kusema.

Lakini miguu yake ilianza kuwa myembamba. Mikono ikaanza kutetemeka. Alitembea akishika ukuta.

"Ni uzee," Godelive alisema.

"Ni uzee," Gérard alijibu. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Siku moja mvua ilinyesha saa za mchana. Gérard alirudi nyumbani kuchukua karatasi alizosahau. Alipofungua mlango, alisikia sauti ndogo.

"Godelive? Ni weye?"

Gérard akakimbia. Koko Adélaïde alikuwa chini, kwenye simenti, karibu na mlango wa choo. Alikuwa amelala hapo tangu asubuhi, baada ya wote kutoka. Alikuwa amejaribu kusimama, akashindwa, akajaribu tena, akashindwa. Kikwembe alichojifunga kilikuwa kimelowa. Alipoona ni mkwe wake, aligeuza uso kwenye ukuta.

Gérard alisimama mbali kidogo. Kwa desturi yao, mwanaume anamheshimu sana mama wa mke wake. Hamgusi. Hata kupita karibu naye sana si vizuri. Lakini sasa hakukuwa na mtu mwingine.

"Mama, unisamehe," Gérard alisema.

Akamuinua taratibu, akamlaza kitandani, akamfunika. Halafu akatoka nje, akampigia Godelive simu. Jioni ile Koko hakula. Hakulia pia. Alifunga macho tu.

Kesho yake walimpeleka hospitali. Daktari alimpima, akaangalia picha ya mifupa.

"Hakuna mfupa uliovunjika," alisema. "Mushukuru Mungu. Moyo ni mzuri, tansio ya damu ni nzuri. Lakini miguu haina nguvu tena. Tafuteni kiné."

Kiné ni mtu aliyesomea kazi ya kurudisha nguvu ya viungo. Godelive alishangaa. Jirani yao Chantal ni kiné! Alikuwa anakaa kilimani, juu kidogo ya nyumba yao. Walisalimiana kila Jumapili, lakini Godelive hakuwahi kufikiri kumuuliza neno juu ya mama yake.

Jumamosi Chantal alishuka. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya furaha. Alivuta kiti, akakaa mbele ya Koko.

"Koko, asubui nani anakusimamisha?"

"Laurette."

"Maji, nani anakuletea?"

"Godelive."

"Na maharagi, nani anachagua?"

"Hawataki niguse maharagi. Banasema nitachoka."

Chantal alicheka kidogo, kisha akamgeukia Godelive.

"Godelive, unapenda mama yako sana. Hiyo inaonekana. Lakini nyama za muguu zinapata nguvu kwa kazi. Ukiondoa kazi yote, zinapunguka. Ata kijana mwenye nguvu, umulalishe mu kitanda mwezi muzima, atasimama akiyumba."

Godelive alishika kichwa. "Ni kusema ni miye nilimumaliza nguvu?"

"Hapana, usijihukumu. Malaria ilianza. Kisha pumziko ikapita kipimo. Hiyo tunaweza kutengeneza."

"Lakini Mama iko na miaka zaidi ya makumi saba!"

"Ata wa miaka makumi tisa, nguvu inarudi. Polepole, lakini inarudi."

Gérard, aliyekaa mbali kwa heshima, aliuliza, "Tutanunua mashine gani?"

"Hakuna mashine. Uzito ni mwili yake mwenyewe. Vyombo ni kiti, ukuta na meza. Munazo zote."

Koko Adélaïde alitikisa kichwa. "Sport? Hiyo ni ya bana ba mupira na basoda ba jeshi. Miye niko muzee. Muniache."

Chantal hakubishana naye. Alimshika mkono.

"Koko, acha sport. Weye unataka nini?"

Koko aliinua macho. Alimtazama binti yake, kisha akatazama mikono yake.

"Nataka kwenda ku choo bila kuita mutu," alisema.

Godelive alifuta macho kwa ncha ya kikwembe.

"Basi," Chantal alisema, "hiyo njo kazi yetu."

Walianza siku ileile. Chantal aliondoa foteyi. "Ni ya chini sana na ni laini. Inameza mutu." Akaleta kiti kigumu cha jikoni, akakiegemeza ukutani ili kisiteleze.

"Ikala mbele kidogo, Koko. Miguu chini ya magoti. Inama mbele, kama unataka kunusa maua. Sasa sukuma chini na miguu, utoe pumzi."

Koko alijaribu. Hakuinuka hata kidogo. Alijaribu tena, akashindwa.

"Munaona?" alisema kwa uchungu.

"Ninaona kama kiti iko chini," Chantal alijibu. Akachukua mito miwili migumu, akaiweka juu ya kiti. "Jaribu sasa."

Koko aliinama mbele, akatoa pumzi, akasukuma. Magoti yalitetemeka. Lakini akasimama! Hakuna mtu aliyemshika.

"Kazi ikiwa nguvu sana, tunaipunguza," Chantal alisema. "Ikiwa raisi, tunaiongeza kidogo. Akili yote ya mazoezi iko pale."

Alimfundisha mengine mawili. La kwanza: kusimama mbele ya ukuta, kuweka viganja juu yake, kukunja viwiko hadi uso ukaribie ukuta, kisha kujisukuma kurudi. Hilo ni la nguvu ya mikono na kifua. La pili: kushika meza na kuinua visigino, kisha kuvishusha polepole. Hilo ni la miguu na la kutoyumba.

"Fanya mara chache, lakini vizuri," alisema. "Usifunge pumzi. Mutu mumoja akuwe karibu. Leo unafanya, kesho unapumzika, kesho kutwa unafanya tena. Nguvu inajengeka wakati wa kupumzika pia. Miguu ikiuma kidogo kesho, usiogope, ni kazi mupya. Lakini kifua ikiuma, ao kizunguzungu ikikuya, ao maumivu kali mu goti, unaacha palepale, munamuona daktari."

"Na chakula?" Godelive aliuliza.

"Chai na mukate peke yake haitoshi. Umupe maharagi, samaki wadogo wa sambaza, yai. Nyama za mwili zinajengwa na vile."

Gérard alipenda mambo haya. Aliona aibu kwamba yeye, mwanaume wa miaka arobaini na mitano, alihema akipanda kilima cha kwao. Asubuhi iliyofuata alijitupa chini sebuleni, akaanza kupiga pompe: mikono chini, mwili umenyooka, kushuka na kupanda. Alipiga nyingi, haraka haraka, mgongo umepinda kama daraja bovu. Kesho yake hakuweza kufunga kravati. Mikono ilikataa kupanda. Laurette ndiye aliyemfungia.

Koko Adélaïde aliona hayo yote kutoka kwenye kiti chake. Akacheka. Alicheka mpaka machozi yakatoka. Godelive alitoka jikoni mbio. Hakuwa amesikia kicheko kile tangu mama yake alipofika Bukavu.

"Mukwe," Koko alisema, bado anacheka, "anza na ukuta, kama miye!"

Chantal aliposikia, alisema hivyohivyo. "Papa Gérard, ukuta kwanza. Ukuta ikiwa raisi, meza. Meza ikiwa raisi, chini. Mwili unyooke toka kichwa mpaka kisigino. Kupiga vizuri ni bora kuliko kupiga mingi."

Tangu hapo, asubuhi, mkwe na mama mkwe walisimama mbele ya ukuta mmoja. Kila mtu alikuwa upande wake, kwa heshima. Walihesabu pamoja kwa sauti. Kuna siku Koko hakutaka. "Mifupa inaniuma, kuko baridi." Siku nyingine alirudi nyuma: juzi alisimama vizuri, leo miguu haikutaka. Siku hiyo Godelive alikata tamaa, lakini Chantal hakushangaa. "Njia ya nguvu iko na mabonde," alisema. "Ongeza muto mumoja ku kiti, muendelee."

Baada ya wiki kadhaa mto mmoja uliondoka. Kisha wa pili ukaondoka. Koko alianza kuchagua maharagi. Alienda jikoni kuchukua maji yake. Na asubuhi moja alisimama, akaenda chooni, akarudi, akakaa. Hakumuita mtu. Laurette aliona, akamkonyeza mama yake. Wote walijifanya hawakuona, lakini Godelive aliingia chumbani kwake, akapiga magoti, akashukuru.

Kulibaki somo moja. Chantal alilileta mwenyewe.

"Mutu anaweza kuanguka ata akiwa na nguvu. Lazima ajue kutoka chini. Kusimama kutoka chini ni ufundi. Inafundishwa."

Akatandika mkeka. Koko alishushwa taratibu mpaka akalala chini. Alipogusa sakafu, uso wake ulibadilika. Alikumbuka siku ile ya mvua.

"Kwanza, usiharakishe," Chantal alisema. "Pumua. Sikiliza mwili. Kama kuna mahali panauma sana, usijilazimishe, ita watu. Kama hakuna, geuka upande."

Koko aligeuka.

"Sukuma na mukono mpaka uwe juu ya viganja na magoti, kama mutoto anayetambaa. Ile nguvu ya ukuta, njo hii. Tambaa mpaka ku kiti. Weka mikono juu ya kiti. Leta muguu moja mbele, ile yenye nguvu."

Koko alifika kwenye kiti. Alileta mguu wa kulia mbele. Mwili ulipanda kidogo, ukasimama katikati, ukaanza kutetemeka. Godelive hakuvumilia. Aliruka amshike.

Chantal alimzuia mkono.

"Muache."

"Ataanguka!"

"Niko karibu naye. Muache afanye."

Kwa Godelive, wakati ule ulikuwa mrefu kuliko siku nzima. Kunyoosha mkono kulikuwa rahisi. Kuurudisha kulimuuma. Aliusikia mwili wa mama yake ukipumua kwa nguvu. Kisha goti la pili likaacha mkeka. Koko Adélaïde akapanda, akageuka, akakaa kwenye kiti. Jasho lilikuwa kwenye paji la uso.

"Tena," Koko alisema.

Mvua kubwa zilirudi. Alasiri moja Godelive alirudi kutoka kazini, viatu vyake vimejaa matope. Koko alikuwa amekaa jikoni karibu na jiko la mbabula, sufuria ya sombe ya majani ya mihogo juu ya makaa. Alikuwa amevaa kikwembe kingine, si kile cha asubuhi. Kile cha asubuhi kilikuwa kimefuliwa, kimeanikwa ndani.

"Mama, juu ya nini ulibadilisha nguo?"

"Nilianguka."

Mfuko ulimtoka Godelive mkononi. "Ulianguka! Wapi?"

"Inje, mu lupango, karibu na robine ya maji. Matope ilinitelezesha."

"Nyamuzinda, Mungu wangu! Umeumia? Nani alikuinua?"

Koko alifunika sufuria. Alimtazama binti yake kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu.

"Nani? Njo miye mwenyewe."

Akaeleza. Alilala kwanza, akapumua. Akasikiliza kama kuna mahali panauma. Akageuka upande, akatambaa mpaka kwenye ngazi ya mlango, akaweka mikono juu yake, akaleta mguu mbele. Mara ya kwanza alishindwa. Mara ya pili akasimama.

"Kisha nikafua kikwembe," alisema. "Singeacha matope ikauke."

Godelive alikaa chini palepale, akaweka kichwa juu ya magoti ya mama yake. Alilia na kucheka kwa pamoja. Gérard alipofika na kusikia habari, alivua kofia yake.

"Mungu asifiwe," alisema. "Aksanti, Mama."

"Aksanti ya nini, mukwe? Ni miye njo niko na deni ya kusema aksanti. Siku ile uliniinua na heshima. Sikukuambia neno, juu nilikuwa na haya. Leo naweza kukuambia: aksanti sana."

Gérard alishika kofia yake kwa mikono miwili. Aliinamisha kichwa.

"Niende niite Maman Chantal," Godelive alisema, akifuta uso. "Lazima asikie habari hii."

"Usimuite," Koko alisema. "Kila siku ni yeye anashuka kwetu. Leo miye nitapanda."

Mvua ilikuwa imekatika. Koko Adélaïde alichukua fimbo yake na kikapu kidogo cha maharagi aliyoyachagua mwenyewe. Alipanda njia ya mawe polepole, akipumzika, akipanda tena. Godelive alimfuata nyuma, mikono yake imefungwa mgongoni ili isimshike.

Chantal alifungua mlango, akabaki mdomo wazi.

"Koko! Nani alikuleta?"

"Miguu," alijibu Koko Adélaïde, akamtolea maharagi. "Inakusalimia. Inasema aksanti."